Uongo Ambao Mama Mwalimu Hakuujutia

Wanawake wa rika langu tuliosoma dini Mnyuzi tukikutana msibani au harusini hatukosi kumtaja, na hakuna kati yetu anayemtaja kwa jina. Kwetu alikuwa Mama Mwalimu tu. Sijui alizaliwa wapi hasa, wala mumewe alikufa lini. Nilimkuta mtu mzima tayari, amesimama mahali pake kama mtu anavyoukuta mlima, na mlima hauulizwi ulianza lini.

Nilitoka kwetu Handeni nikiwa mke mpya. Mume wangu alikuwa kibarua wa reli, gengi la kutengeneza njia, na yeye alikuwa Mkristo. Baba yangu alikuwa Muislamu, mkulima, lakini hakuleta kizuizi. Alisema tu nisiende nusu nusu. Basi nikapelekwa kwa Mama Mwalimu nisomeshwe ubatizo. Nilimkuta barazani kwake na wanawake wengine, wanapukuchua mahindi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kwa muda.

"Umekuja kwa ajili ya mumeo au kwa ajili ya Mungu?"

Nikasema, "Kwa ajili ya mume wangu."

Wenzangu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasogeza mkeka kwa mguu, akasema, "Kaa. Aliyeanza kwa kusema kweli tutafika naye."

Alikuwa mwembamba, mwenye hatua fupi za haraka, kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kwenda kanisani alitembea pekupeku, viatu amevipakata kwapani, akavivaa mlangoni. Akikasirika hakupaza sauti. Aliishusha, na kadiri alivyoishusha ndivyo tulivyozidi kuinamisha vichwa. Mikono yake haikujua kukaa bure. Hata alipokuwa akitueleza habari za Musa mlimani, vidole vyake vilikuwa vinachambua mchicha.

Amri za Mungu alitufundisha kwa kazi. Tulizitaja huku tunatwanga, pigo la mchi kwa neno, na aliyekosea moja alirudi mwanzo. Hakujali kwamba ulikosea ya mwisho. "Mtungi ukitoboka mahali pamoja," alikuwa akisema, "huendi kisimani ukasema sehemu nyingine ni nzima. Maji yatatoka yote." Neno hilo la mtungi tulilisikia mpaka likatuingia usingizini. Mwenzetu mmoja alimwuliza siku moja, "Sasa, Mama Mwalimu, kuna mtungi usiotoboka?" Akajibu, "Ndiyo maana tunaangalia tunapokanyaga."

Nilimwogopa, na nadhani yeye mwenyewe alijiogopa. Kila alipokuwa akienda kuungama alikaa juani nje ya kanisa akikunja vidole kimoja kimoja, akikumbuka makosa yake, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta mwiba mguuni na hauoni.

Habari ya ukweli wake ilijulikana hadi Korogwe. Kulikuwa na duka la Mhindi mmoja Muislamu alikonunua kaniki. Siku moja mwenye duka alijisahau akampimia nguo ndefu kupita aliyoomba. Mama Mwalimu alipofika nyumbani na kuikunjua, akaikata ile ziada, akarudi nayo mjini kwa miguu. Mwenye duka akacheka mpaka akashika kaunta. "Mama, kipande hiki nitamvika nani, paka?" Mama Mwalimu akakiweka juu ya kaunta, akaaga, akaondoka. Tangu hapo watu wakibishana dukani, yule Mhindi aliwaambia, "Basi mwiteni yule mama wa Mnyuzi, atakachosema yeye ndicho." Wazazi walipomletea mtoto mchanga amtazame, hakusema ni mzuri kama si mzuri. Alisema, "Ana afya." Sisi tulijua maana yake.

Lakini mtu huyo huyo alikuwa na kikopo cha ugoro.

Kilikuwa cha bati, kidogo, amekifunga pembeni mwa khanga, na alikifungua akigeuka ukutani kama mtu anayebadili nguo. Padre hakuwahi kukataza ugoro. Ni yeye aliyejikataza. Kila Kwaresima ilipoanza alikipeleka kwa jirani yake amwekee mpaka Pasaka. Jirani huyo alikuwa mzee wa Kizigua, Muislamu wa kusali swala zote, mwenye shamba la mahindi mpakani mwake, na alikipokea kile kikopo kwa heshima kama amana ya yatima. Kwaresima haijafika nusu, tulimwona Mama Mwalimu akivuka mpaka wa shamba.

"Mzee, nimekuja kuangalia kama hakijaingia unyevu."

"Hakijaingia."

"Hebu nikinuse kwa nje."

Mzee alikileta, akakishika yeye mwenyewe mkononi, na Mama Mwalimu akainama akakinusa bila kukifungua. Halafu akarudi kwake amenyong'onyea, akatufundisha habari za majaribu jangwani kwa uchungu ambao sijausikia kwa mwalimu mwingine yeyote.

Yule mzee alipenda kumtania. "Mwalimu, Mungu wenu huyo mbona ana masharti kumshinda Bwana Shauri wa bomani? Sisi tukifungua kinywa tu, neno la kwanza ni rehema."

"Na sisi tunayo," alisema. "Lakini rehema si ya kuchezea."

"Nani anaichezea? Mimi naona wewe hata kuigusa unaogopa."

Alirudi akichambua mchicha wake. Lakini mzee alipougua tumbo masika moja, ni Mama Mwalimu aliyempikia uji asubuhi na jioni, na aliuacha mlangoni bila kubisha hodi ili asishukuriwe.

Katika wanafunzi wake kulikuwa na mke mdogo wa fundi seremala. Fundi alikuwa Mkristo, mwenye mke wa ndoa ya kanisa, kisha akaoa huyu wa pili. Padre akamtenga fundi asipokee Komunyo. Huyu mke mdogo naye akawa hawezi kubatizwa maadamu yuko katika nyumba ile. Hata hivyo alikuja kusoma. Alikuwa anazijua amri, sala na nyimbo kutushinda sote, na kila tulipopangwa kwa ajili ya ubatizo yeye alibaki mkekani. Mama Mwalimu hakumfukuza, wala hakumbembeleza. Alimfundisha mwaka hata mwaka kama anayemwagilia mche uliopandwa juu ya jabali. Nilipobatizwa mimi, mke mdogo ndiye aliyenisuka nywele. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza na mambo yakawa magumu, Mama Mwalimu ndiye aliyemkanda na kumpokea mtoto. Jumapili ya kwanza baada ya arobaini yake alimpita nje ya kanisa akamsalimu kwa kichwa tu, kwa kuwa kanisani sheria ni sheria. Watu wa namna hii ni vigumu kuwapenda kwa siku moja. Mimi ilinichukua miaka.

Sasa niseme habari ya ule uongo.

Ilikuwa baada ya vita kuu ya pili, mkonge ulipokuwa na bei na mashamba yalikuwa yanaita watu kutoka kila upande wa nchi. Manamba, vibarua walioitwa kwa namba zao, walikuja na mikataba, na aliyetoroka kabla ya mkataba kwisha alikamatwa kama mhalifu. Mmoja wa watu hao, mtu wa mbali, wa upande wa Ziwa Tanganyika, alichomwa na mwiba wa mkonge mguuni, mguu ukaoza. Nyapara wake alimwambia ni mvivu, akamchapa, akamrudisha kukata. Mtu yule akatoroka. Alifika kwa Mama Mwalimu asubuhi, anajikokota, na harufu ya mguu ule ilimtangulia.

Sisi tulikuwa barazani kwenye mafunzo, na mke mdogo wa fundi alikuwapo. Mama Mwalimu hakutuuliza kitu. Alimwingiza jikoni, akausafisha mguu kwa maji ya moto na chumvi, akaufunga kwa kitambaa cha khanga yake. Kisha akampandisha darini, pale juu ya mafiga ambapo mahindi ya mbegu hukaushwa kwa moshi. Akatoka nje akifuta mikono, akaketi, akasema, "Tulikuwa wapi?"

Tulikuwa hatujafika mbali walipotokea: nyapara, na tarishi wa jumbe, na vijana wawili wenye fimbo. Walikuwa wameingia nyumba za jirani zote, wamepindua hata vitanda. Nyapara akasimama mbele ya baraza, tarishi akamwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, Mama Mwalimu."

"Marahaba."

"Kuna namba katoroka. Damu imeonekana njiani inakuja huku. Umemwona?"

Mkono wa Mama Mwalimu ulisimama juu ya gunzi alilokuwa akipukuchua. Ndiyo mara ya kwanza nilipouona mkono ule umetulia. Akamtazama tarishi usoni.

"Sijamwona."

"Hakupita hapa?"

"Hakupita."

Wakati huo huo tukasikia kikohozi jikoni, kile cha mtu aliyebanwa na moshi na anajizuia. Mke mdogo wa fundi akashika kifua, akaanza kukohoa. Alikohoa kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka, akainama, akaingia jikoni akisema, "Nisameheni, nikanywe maji," na akaendelea kukohoa kule ndani, kikohozi juu ya kikohozi.

Nyapara alitaka kuingia. Tarishi akamshika mkono. "Hapa hapana haja," akasema. "Huyu mama hasemi uongo. Ulizeni mtu yeyote mpaka Korogwe." Wakaondoka kuelekea mtoni.

Mama Mwalimu akalimalizia lile gunzi, akaliweka chini, akasema mafunzo yamekwisha leo. Mtu yule alikaa pale mpaka uvimbe ulipopungua, kisha mume wangu na yule mzee jirani walimsindikiza kwa njia za mashambani hadi Handeni, kwa kaka yangu, na kaka yangu akamwelekeza njia ya kwenda mbele. Hatukupata kusikia habari zake tena. Kama alifika kwao au alikufa njiani na mguu wake, sijui, na yeye Mama Mwalimu hakujua.

Jumapili iliyofuata, Padre alipomaliza mahubiri, wanafunzi wa dini na waliotengwa wakainuka kutoka nje, kama ilivyokuwa desturi, ili waliobatizwa wabaki kwenye Misa. Mama Mwalimu akainuka nao. Akavua viatu vyake, akavipakata kwapani, akatoka. Kanisa zima liligeuka.

Padre wetu alikuwa Mshambaa wa kutoka Mpale, mdogo kwake kwa umri, aliyefundishwa naye kusoma alipokuwa mtoto. Alimwita. Yaliyosemwa katika kuungama sikuyasikia, lakini baadaye Mama Mwalimu mwenyewe alinieleza, kwa kuwa halikuwa jambo la kumwaibisha mtu ila yeye. Padre alimwuliza, "Unajuta?" Akajibu hajuti. Wangekuja tena leo, angesema vile vile. Padre akamwambia, "Mama, juta hata kidogo tu, nikuondolee."

"Unataka niongeze uongo mwingine juu ya ule?" alimwuliza.

Mama Mwalimu aliomba aachishwe kufundisha, Padre akakataa. Basi akaendelea kutufundisha, lakini habari ya mtungi hatukuisikia tena kinywani mwake. Nadhani hapo ndipo palipomwuma. Alikuwa na kosa moja, kubwa, lililotendwa kwa jina la ile kweli yake mwenyewe. Kwa sababu asingekuwa mkweli maisha yake yote, tarishi asingemwamini. Uaminifu wote ule aliokuwa ameujenga tofali kwa tofali ulitumika siku ile moja kudanganya. Na mtu akapona. Ukimwuliza ni baraka au ni laana, alikuwa anatazama upande wa reli.

Yule mzee jirani alimwambia siku moja, nikiwapo, "Mwenyezi Mungu ni mwingi wa rehema, mama. Mchache ni wewe wa kupokea." Safari hii hakukasirika. Alisema, "Nifundishe basi kupokea, wewe unayejua." Mzee akaenda zake shambani.

Kwa miaka mingi alikuwa anakaa benchi la nyuma. Wakati wa kutoka ukifika alitoka na wale wengine, wakakaa nje ukutani, kwenye kivuli: fundi seremala na mke wake mdogo, msichana aliyezaa nyumbani, mpika pombe mmoja, wanafunzi wapya wasiojua hata kupiga magoti. Zamani alikuwa akiwaona migongo tu wanapotoka. Sasa alikaa nao bega kwa bega. Alianza kujua watoto wao wana majina gani, nani anaumwa mgongo, nani hakula jana. Ndani tulikuwa tunaimba, na mara nyingine tulisikia wao nje wanaitikia. Sauti yake ilikuwa nzito, haikosi kutambulikana. Nilipokuwa nimepiga magoti kupokea nilimwona moyoni kule ukutani. Aliyenifundisha kuula mkate ule yuko nje.

Halafu mume wangu akahamishwa, kisha akaacha reli kabisa, tukarudi Handeni kulima. Watoto wakaja, kazi zikaja. Nilimtumia salamu kila nilipopata mtu wa kwenda Korogwe, naye alinirudishia salamu, pamoja na mbegu za mchicha.

Mwaka mmoja, mvua za vuli zilipokwisha, nikaambiwa hawezi, yuko kitandani. Nikaenda. Lori lilinishusha Korogwe, nikaendelea kwa gari moshi mpaka Mnyuzi, nikafika kabla ya adhuhuri. Aliyenipokea mlangoni ni mke mdogo wa fundi, sasa naye mtu mzima, mwenye mvi. Fundi alikuwa amempa mke mkubwa nyumba, na huyu mdogo, akiwa bado mke wake, akahamia kwa Mama Mwalimu kumwuguza. Ndani, Mama Mwalimu alikuwa amelazwa juu ya kitanda cha kamba, amebaki macho na mifupa. Alinitambua.

"Umenenepa," akasema. "Ni vizuri."

Nikacheka na kulia pamoja. Nikamlisha uji kidogo. Tulikuwa bado tunasemezana habari za watoto wangu tuliposikia hodi, na Padre akaingia na mkoba wake. Naye alikuwa amezeeka. Akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda, akaweka mkoba magotini, asiufungue.

"Mama," akasema, "nimekuja na Sakramenti."

"Nakushukuru, mwanangu. Lakini unajua."

"Bado hujajuta?"

"Nimetafuta. Kila siku nimetafuta. Nimeyapata majuto mengine mengi, hayo nimekwisha kuyaungama. Ya yule mtu siyapati. Namwona tu anavyopanda darini na mguu wake." Akapumzika. "Sheria imesema. Sikuitii. Na siwezi hata kusema samahani. Nitakwendaje mezani?"

Padre alitazama mikono yake. Nilidhani atanyanyuka aende. Kisha akasema taratibu, kama anayejisemea.

"Nimeomba miaka yote hii nipewe la kukujibu. Sina kubwa. Lakini nimewaza juu ya Petro. Usiku ule naye alisema, mtu huyu simjui. Wewe ulisema ili mtu apone, yeye alisema ili apone mwenyewe."

"Petro alilia, Padre. Alijuta."

"Alilia. Lakini alilia baadaye, mama. Mkate alipewa kabla. Bwana alijua atakachosema, akamwekea mkononi. Hakumwambia toka kwanza nje."

Mama Mwalimu alikuwa akitazama paa. Midomo yake ilicheza, nikadhani anarudia maneno yale kwa mpangilio, kama alivyokuwa akitupima sisi, akitafuta palipokosewa.

"Kabla," akasema.

"Kabla."

Akainua mkono kidogo kumwita mke mdogo wa fundi. "Niinue," akamwambia. "Nisipokee nimelala."

Yule mama akapanda kitandani nyuma yake, akamkalisha, akamwegemeza kifuani pake na kumzungushia mikono yote miwili. Padre akavaa stola, akasoma sala, na mimi nikaitikia. Mama Mwalimu akaunganisha viganja, kimoja juu ya kingine, na mkate ukawekwa. Akautazama. Akala. Machozi hayakumtoka. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa kitu njiani na mtu asiyemjua.

Mimi nilipokea baada yake. Yule aliyemshikilia hakupewa. Sheria ilikuwa ile ile, na Padre alifunga mkoba wake bila kumtazama usoni. Nilipokwenda jikoni na yule mama nilimwuliza kama hakuumia. Alikuwa anachochea moto.

"Nilimshika," akasema. "Mgongo wake ulikuwa mgumu kama ubao. Alipomeza nikauona unalegea wote. Nami nimetosheka na hicho, kwa leo."

Tuliporudi ndani tulikuta Mama Mwalimu amelala usingizi, kinywa wazi kidogo, anakoroma. Ilikuwa mchana kweupe. Yule mama akashika mdomo kwa mshangao, akaniambia kwamba tangu amjue hajapata kumwona amelala jua likiwa juu. Padre alikuwa anaaga; akavua viatu mlangoni, akatoka navyo mkononi ili asimwamshe. Sisi wawili tukaketi nje ukutani, tukawa tunafukuza kuku kila walipokaribia mlango.